Jina liko, sura haipo: kisa cha kadi ya mpiga kura iliyofutika Bukavu

Uchaguzi wa Desemba 2023 uliigharimu Congo zaidi ya dola bilioni moja. Pesa hizo zililipia vifaa vya kuandikisha, mashini za kupigia kura, ndege, magari, posho za watumishi na shehena za karatasi. Mwananchi wa kawaida hakupewa chochote cha kwenda nacho nyumbani isipokuwa kadi. Na kadi yenyewe ikafutika.

Ninachokichambua hapa ni kisa cha mtu mmoja, mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa komini ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Congo. Ni jirani yangu, na amekubali niandike mradi nisitaje jina lake. Ofisi alizozizungukia nazo naziacha bila majina, maana sioni faida ya kumfunga kengele mtumishi mdogo kwa jambo lililoanzia mbali naye. Wengi wameandika juu ya wizi wa kura wa mwaka ule, na walikuwa na cha kuandika: mwanzoni mwa Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, wakiwemo waliokutwa na mashini za kupigia kura kinyume cha sheria. Kisa cha mama huyu hakina mwizi. Hakuna aliyekaa mahali akapanga kumnyima kura yake. Kwa hiyo kinaonyesha vizuri zaidi namna pesa ya Serikali inavyosafiri kutoka Kinshasa mpaka mkononi mwa mpiga kura, na mahali inapokatikia.

Kadi yenyewe

Uandikishaji ulianza magharibi mwa nchi tarehe 24 Desemba 2022, ukahamia eneo la pili, Lubumbashi ikiwemo, mwishoni mwa Januari, na ukatufikia mashariki tarehe 16 Februari 2023. Mama alijiandikisha mwezi wa tatu. Alipanga foleni tangu alfajiri, akapigwa picha, akabonyeza vidole kwenye kile kijisanduku cha alama, na kadi ikachapwa hapo hapo akiwa amesimama. Aliipenda. Picha ilitoka safi, anasema, kuliko ile ya uandikishaji uliopita ambayo ilimfanya aonekane kama bibi yake.

Kufikia mwezi wa tisa upande mmoja wa uso ulikuwa umekwenda. Ikafuata tarehe ya kuzaliwa, halafu majina ya wazazi. Nilipoiona mwezi wa kumi na moja, rangi na alama za kadi tupu zilikuwa bado zinaonekana vizuri, namba ilisomeka ukiigeuza kwenye mwanga, na pale pa picha palibaki kivuli cha kijivu. Yaani Jamhuri ilisomeka, mwenye kadi hakusomeka.

Hili halikuwa la Kadutu peke yake. Malalamiko ya kadi zinazofutika yalisikika nchi nzima, wapinzani wakaligeuza hoja ya kampeni, na tume ikalazimika kufungua zoezi la kutoa nakala mpya, tunazoziita diplikata, katika miezi ya mwisho ya mwaka. Sababu ya kufutika haina uchawi. Kadi zilichapwa kwa printa za joto, zile zinazofanya kazi kama printa ya risiti ya supamaketi. Printa hiyo haitumii wino. Inapasha moto karatasi yenye dawa, na dawa hiyo ndiyo inayogeuka nyeusi. Ukitazama kwa jicho la mtu wa manunuzi, ni kifaa cha kupendeza: hakuna katriji za kununua, hakuna katriji za kupeleka Shabunda kwa pikipiki au kwa ndege ndogo, hakuna wino wa kukauka njiani. Lakini chapa ya namna hiyo haipendi jua, haipendi joto, haipendi mafuta, na haipatani na plastiki laini kama ile ya vifuko vya kuhifadhia kadi. Mama aliitunza kadi yake ndani ya kifuko cha plastiki, kifuko ndani ya pochi, pochi ndani ya kitenge, kifuani, siku nzima juani, pamoja na noti zenye harufu ya samaki. Aliitunza kwa moyo wote, na kila hatua ya kuitunza iliharakisha kuiua.

Waliochagua printa hiyo walipunguza gharama ya kuchapa. Gharama iliyobaki walimhamishia mwenye kadi, nayo haikuandikwa katika bajeti yoyote.

Kwa nini kadi ya kura ni kadi ya kila kitu

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kuuliza kwa nini hakutumia kitambulisho cha taifa. Hakipo. Sensa kamili ya mwisho ya Congo ilifanyika mwaka 1984, na tangu enzi za Mobutu hatujapata kitambulisho cha raia kinachomfikia kila mtu. Kadi ya mpiga kura iliyoanza kutolewa mwaka 2005, kwa ajili ya uchaguzi wa 2006, ndiyo iliyochukua nafasi hiyo. Kwa kadi hiyo unasajili laini ya simu, unafungua akaunti ya pesa ya simu, unajitambulisha kwa askari barabarani. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Bukavu ndiyo waliyokuwa wakionyesha Ruzizi, mpakani na Rwanda, wakienda ng'ambo na kurudi jioni. Mama aliijua hasara ya kadi yake muda mrefu kabla ya siku ya kura: wakala wa pesa ya simu alikataa kumrudishia laini yake iliyopotea kwa sababu kadi "haina mtu".

Hapa kuna sura ya fedha ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kulikuwa na mpango wa kuunganisha kazi tatu, yaani sensa, kitambulisho cha taifa na daftari la wapiga kura, ili nchi ilipe mara moja na raia aandikishwe mara moja. Wazo zuri kwenye karatasi. Muda ukabana, kila taasisi ikashika njia yake, na CENI ikaandikisha peke yake. Kitambulisho cha taifa kilizinduliwa kwa sherehe tarehe 30 Juni 2023, kadi ya kwanza akapewa Rais. Mkataba wake, uliotajwa kuwa wa dola bilioni 1.2, ulivunjwa mwaka uliofuata kabla haujawafikia wananchi. Kwa hiyo printa ya bei nafuu iliyonunuliwa kwa ajili ya uchaguzi ilibebeshwa, bila kuambiwa, kazi ya kuwatambulisha watu wazima wa nchi nzima kwa miaka mitano.

Kutafuta diplikata

Mama alisikia redioni kwamba kadi zilizofutika zitabadilishwa. Akafunga meza yake ya sambaza asubuhi, jambo ambalo kwa muuza samaki lina bei yake: mzigo usiouzwa kabla ya saa sita unauzwa jioni kwa nusu, au unakaushwa.

Ofisini aliulizwa hati ya upotevu. Akajibu kwamba hajapoteza kitu, kadi anayo mkononi. Mtumishi akamwambia utaratibu anaoujua yeye ni wa kadi iliyopotea, na aliyepoteza huja na hati. Kwa hiyo, ili apate kadi mpya, ilibidi aende mahali pengine akaape kwamba amepoteza ile aliyokuwa ameishika. Alikataa. Si kwa ushujaa. Alihofu kwamba akikutwa na kadi mbili ataambiwa ni tapeli, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa katika mwaka ambao kuandikishwa mara mbili kulikuwa kosa linalosemwa kila siku.

Nje ya geti kulikuwa na vijana wanaopanga foleni kwa matabishi, yaani bakshishi. Hawakuwa watumishi wa mtu. Walikuwa wamejua tu kwamba mahali penye kifaa kimoja na watu mia tano, nafasi ya mbele ni bidhaa. Mama hakulipa, akarudi siku nyingine, akakuta mashini imezimika kwa kukosa umeme. Baadaye akaambiwa kifaa kimehamishwa komini nyingine. Hapo akaacha, akabaki na fotokopi aliyokuwa ameitoa mwezi wa nne, siku alipohitajiwa shuleni kwa mtoto. Fotokopi ile, ya faranga chache tu, ilikuwa na uso wake wote.

Ukimuuliza mtu wa tume atakwambia zoezi la diplikata lilikuwa la dharura, na ni kweli. Ila dharura hiyo haikuwa ya ghafla. Kadi zilianza kufifia katikati ya mwaka, na kila mtu mwenye macho aliona. Kilichokosekana ni fungu lililotengwa mapema kwa ajili ya kubadilisha kadi, lenye vifaa vyake, watu wake na mafuta ya jenereta. Bila fungu hilo, kila diplikata ilitolewa kwa pesa, mashini na muda ulioazimwa kutoka kazi nyingine. Na kazi nyingine zenyewe zilikuwa zinalia.

Pesa ilikuwa wapi miezi hiyo

Uchaguzi wa 2006 ulilipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa nje, na ndege za Umoja wa Mataifa zilibeba masanduku. Mwaka 2018 Serikali ya wakati ule ilisema italipa yenyewe na haitaki msaada. Mwaka 2023 mzigo ukabaki tena kwa Hazina ya Serikali. Mimi sina ugomvi na msimamo huo: nchi inayotaka kura yake iheshimiwe inapaswa kuilipia. Ila kulipia maana yake ni kulipa kwa wakati, na Rais wa CENI, Denis Kadima, alilalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba fedha zinachelewa kutoka.

Fedha zikichelewa, tarehe haichelewi. Katiba ilikuwa imefunga mlango. Muhula wa Rais una kikomo. Kwa hiyo kazi ya miezi sita inasukumwa ndani ya wiki chache, na kila kitu kinachoweza kusafiri kwa barabara kinalazimika kusafiri kwa ndege. Mwishoni mwa mwaka Serikali ilikuwa inaomba MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Congo, isaidie kusafirisha vifaa, na Misri ikatoa ndege za mizigo. Ndege ni ghali. Kila saa ya ndege iliyorushwa Desemba ilikuwa pesa ambayo, kama ingetoka Julai, ingeweza kununua printa nzuri na kulipa mtu wa kukaa komini ya Kadutu mwezi mzima akibadilisha kadi.

Mfano mwingine wa pesa kuamua nani apige kura ipi: uchaguzi wa madiwani wa komini, ambao Wacongo waliungoja tangu Katiba ya 2006, ulifanyika tu katika komini za miji mikuu ya majimbo. Mkazi wa Bukavu alichagua Rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani. Binamu yake wa Walungu, mwendo wa gari wa saa chache, hakupewa nafasi ya nne. Hilo halikuzua kelele nyingi, na bado silielewi.

Na Goma hali ilikuwa nzito kuliko yetu. Watu wa Masisi na Rutshuru, wengi wao wakiwa kwenye makambi kando ya mji kwa ajili ya vita vya waasi wa M23, hawakupiga kura kabisa, na viti vya maeneo yao bungeni vikabaki wazi pamoja na vya Kwamouth. Nchi ilikuwa na uzoefu: Beni na Butembo mwaka 2018 ziliachwa nje ya kura ya Rais, zikaja kupiga ya wabunge Machi 2019 wakati Rais ameshaapishwa. Ukilinganisha, mama wa kisa chetu alikuwa na bahati. Yeye alikuwa na kituo cha kwenda.

Jumatano, tarehe 20 Desemba

Kituo chake, shule ya msingi, kilifunguliwa mchana badala ya saa kumi na mbili asubuhi. Mashini moja ilikuwa haiwaki. Mvua ilinyesha, watu wakajibanza chini ya ukingo wa bati, wakatafuta majina yao kwenye orodha zilizobandikwa ukutani, karatasi za juu zikilowa. Jina lake lilikuwapo. Namba ililingana na fotokopi.

Mezani, rais wa ofisi ya kupigia kura, yaani msimamizi wake, aliigeuza kadi pande zote. "Mama, karte hii iko mweupe. Tutajua aje kama ni wewe?"

"Sura si hii iko mbele yako, baba?"

Mashahidi wa vyama wakacheka, halafu mmoja akapinga. Alisema wakikubali kadi tupu moja watakubali mia. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na ninaitaja kwa sababu watu hupenda kumfanya shahidi anayepinga kuwa adui wa wananchi. Tume ilikuwa imetangaza kwamba mwenye kadi isiyosomeka asizuiwe ikiwa jina lake liko kwenye orodha. Rais wa ofisi alikuwa amelisikia tangazo hilo, na alikuwa nalo kwenye simu, kwa WhatsApp. Akawasomea mashahidi, akalinganisha namba na fotokopi, akauliza majina ya wazazi na mwaka wa kuzaliwa, akaandika jambo hilo kwenye ripoti ya ofisi. Mama akapewa karatasi, akaiingiza kwenye mashini, akagusa namba za wagombea wake, karatasi ikatoka imechapwa, akaitia sandukuni. Kidole kikapakwa wino.

Chumba cha pili cha shule hiyo hiyo, mwanamke mwingine mwenye kadi nyeupe hiyo hiyo alirudishwa. Hakuwa na fotokopi, na rais wa ofisi ile alidai karatasi yenye muhuri, si ujumbe wa simu. Aliniambia baadaye kwamba mafunzo yake yalikuwa ya haraka, na suala la kadi zilizofutika halikuguswa. Naamini. Mafunzo ndiyo kitu cha kwanza kukatwa pesa inapofika mwishoni, kwa sababu mashini isipofika kila mtu anaona, lakini mafunzo yakifupishwa hakuna anayeona mpaka saa kumi jioni, mtu akiwa mbele ya meza.

Kwa hiyo ndani ya jengo moja, sheria moja, siku moja, wapiga kura wawili wenye haki sawa walipata majibu mawili. Tofauti ilikuwa fotokopi na simu ya mtu.

Kilichokosekana, na kinachowezekana

Baada ya mkanganyiko wa Florida wa mwaka 2000, ambapo urais wa Marekani uliamuliwa kwa tofauti ya kura 537 na kadi za matundu zilizobishaniwa mpaka Mahakama ya Juu, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 2002 sheria ijulikanayo kwa kifupi HAVA. Ilitoa zaidi ya dola bilioni 3 kwa majimbo yabadilishe mashini na kuboresha madaftari. Mashini ndizo zilizotangazwa magazetini. Kilichonivutia mimi ni sharti dogo ndani yake: mpiga kura ambaye haki yake ina shaka mezani asifukuzwe. Apige kura, kura yake iwekwe ndani ya bahasha pembeni, ichunguzwe baadaye, na yeye awe na njia ya bure ya kuulizia kama ilihesabiwa. Huko nako pesa ya shirikisho haikuendelea kutiririka: ilikauka kwa miaka, ikarudi mwaka 2018 kwa dola milioni 380 na tena 2020 wakati wa korona. Tabia ya kutoa pesa baada ya mshtuko si ya Kinshasa peke yake.

Je, kura ya bahasha ingefaa Congo? Kwa ofisi zaidi ya 75,000, mashahidi wanaotiliana shaka na vituo vya kujumlisha vilivyojaa vurugu, ningesita kuifungulia kila aina ya mgogoro. Bahasha zenyewe zingekuwa na soko lake. Lakini kwa hali moja tu, yaani jina liko kwenye orodha na kadi haisomeki, inawezekana, na hata bahasha haihitajiki. Inatosha fomu moja ya kurasa mbili ndani ya kila sanduku la vifaa: maswali ya kumuuliza mwenye kadi, nafasi ya alama ya kidole, sahihi ya rais wa ofisi na ya mashahidi. Kile alichokifanya rais wa ofisi wa chumba cha kwanza kwa akili yake, kiwe karatasi iliyochapwa. Mwanamke wa chumba cha pili angepiga kura.

Diplikata nazo zipewe fungu lake ndani ya bajeti ya CENI, lisilochanganywa na matumizi ya dharura, likiwa na tarehe ya kutolewa. Tarehe ndiyo muhimu kuliko kiasi. Fungu dogo linalotoka Juni linafanya kazi ambayo fungu kubwa la Novemba haliwezi. Na kabla ya kununua printa yoyote ile, kadi ya mfano iwekwe juani dirishani na ndani ya pochi ya muuza samaki kwa miezi sita. Jaribio hilo halina gharama.

Mama hajapata diplikata mpaka leo. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa M23, ofisi za Serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi kama zamani, na anaendelea kutembea na fotokopi yake, ambayo sasa imekunjwa mara nyingi hadi imechanika katikati. Wabunge wa Bukavu bado wana viti vyao Kinshasa. Kikao cha bajeti hufunguliwa kila tarehe 15 Septemba, na uchaguzi ujao umepangwa 2028, kwa hiyo zabuni za vifaa vya kuandikisha zitaandikwa kabla ya hapo. Mwenye namba ya mbunge wake amuulize mambo mawili: kadi zitachapwa kwa printa ya aina gani, na fungu la kuzibadilisha linatoka mwezi gani.